Hukumu ya Jukwaani: Namna ya Kupima Kushindwa kwa Vijana wa Raga

Kila mara timu ya taifa ya Kenya ya raga ya vijana walio chini ya umri wa miaka 20, ile ambayo wapenzi wake huiita Chipu, inapopambana na timu iliyoizidi nguvu ikashindwa kwa pointi nyingi, hukumu hutolewa majukwaani kabla ya wachezaji kufungua kamba za viatu vyao. Wako wasemao kwa ghadhabu kwamba vijana hawa hawana ari, na kwamba jezi ya taifa wamevikwa watu wasioistahili. Na wako wengine, wapole wa tabia, wasemao kwamba hao ni watoto tu, wasilaumiwe, maana wapinzani wao ni wakubwa wa miili na matajiri wa nchi, na kushindana nao ni muhali. Wa kwanza wamekasirika na wa pili wamehurumia, lakini kwa maoni yangu makundi yote mawili yamekosea mahali pamoja, kwa kuwa yote mawili yameitazama namba iliyoandikwa ubaoni, yakaifanya kuwa ndiyo habari yote, ilhali namba hiyo ni tamati ya habari ndefu iliyoanza miaka mingi kabla ya kipenga cha kwanza.

Mwezi wa Julai 2023 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya daraja la pili ya vijana wa umri huo, yaliyochezwa katika Uwanja wa Nyayo. Wakenya walikuwa na kila sababu ya kutarajia mema, kwa kuwa walicheza nyumbani, mbele ya watu wao, katika hewa waliyoizoea. Walakini siku ya fainali waliosimama uwanjani walikuwa Wahispania na Wauruguay, na Uhispania ikashinda kwa pointi 39 dhidi ya 32. Mwaka uliofuata mashindano yalihamia Edinburgh, na kombe likabaki mikononi mwa wenyeji wa huko, Scotland. Katika safari zote mbili vijana wa Kenya walikutana na timu zilizowazidi, na katika safari zote mbili maneno niliyoyataja hapo juu yalisemwa tena, yakarudiwa kama ilivyo ada. Nia yangu katika makala hii ni kumwonyesha msomaji asiye mjuzi wa mchezo huu mambo ambayo shabiki mwenye insafu angeyatazama kabla ya kufungua kinywa, na kueleza kwa nini naamini kwamba timu ya vijana inapozidiwa, wa kwanza kuulizwa ni watu wazima walioilea, na vijana wenyewe huulizwa baadaye.

Raga ya asili huchezwa na watu 15 kila upande kwa muda wa dakika 80. Mpira hubebwa mkononi, nao hauruhusiwi kupasiwa mbele kwa mkono; ukitaka uende mbele yako ni lazima ukimbie nao au uupige teke. Anayefika nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani akaugusisha mpira chini amefunga trai, ambayo ni pointi 5, na timu yake hupewa mkwaju wa kuongeza pointi 2. Penalti inayopigwa ikapita kati ya milingoti juu ya mwamba huleta pointi 3. Haya wanayajua wengi. Lisilofahamika sana, na ambalo ndilo ufunguo wa kuzielewa namba kubwa zinazowatia watu fadhaa, ni sheria ya kuanzisha mchezo tena baada ya kufungana. Katika mchezo wa watu 15, timu iliyofungwa ndiyo inayoupiga mpira kuuelekeza kwa waliofunga, kwa hiyo waliofunga, maadamu wataudaka vizuri, wanaupata tena mpira ule ule walioufungia. Timu dhaifu ikiisha kufungwa mara mbili hujikuta inakaba dakika nenda dakika rudi, pumzi zikiiishia, bila ya kuugusa mpira ila pale inapoupiga kwenda kwa wapinzani. Na timu mbili ambazo ujuzi wao haukutofautiana sana huweza kuachana kwa pointi 40, si kwa sababu moja ni bora mara sita kuliko nyingine, bali kwa sababu tofauti ndogo iliyoonekana mapema hujizidisha yenyewe.

Mkenya aliyezoea raga ya watu saba ana udhuru wa kutoliona jambo hili, kwa kuwa huko sheria ni kinyume: aliyefunga ndiye anayeanzisha, na aliyefungwa hupata fursa ya kujibu mara moja. Tena ni raga ya watu saba iliyowapa Wakenya fahari yao kubwa. Mwezi wa Aprili 2016 timu yao ya Shujaa iliishinda Fiji kwa 30 dhidi ya 7 katika fainali ya Singapore, Fiji ile ambayo miezi michache baadaye ilitwaa dhahabu ya Olimpiki, na tangu siku hiyo hakuna mvulana apendaye raga katika Nairobi, Nakuru au Kakamega asiyeota kukimbia peke yake pembezoni mwa uwanja mpana hali watu elfu wamesimama. Ni ndoto njema, nami siidharau hata kidogo. Bali mchezo wa watu 15 hauanzii pembeni; huanzia katikati, palipo na msongamano, ambapo macho ya jukwaa hayapendi kukaa, na hapo ndipo nitakapomweka msomaji kwa kitambo.

Skramu ni mkusanyiko wa watu wanane dhidi ya wanane walioinama, wakashikamana mabega, vichwa vya safu ya mbele vikiingia katika nafasi zilizo kati ya vichwa vya wapinzani, ili kuugombea mpira unaoingizwa kati yao. Kama kila mmoja ana uzito wa kilo 100, na katika mashindano ya dunia wengi wao wamepita hapo, basi kilo 1,600 zinakutana mahali ambapo wanaume sita tu, watatu wa kila upande, wamegusana. Nguvu ya mguu peke yake haitoshi. Propu, yaani mmoja wa wale wawili wa pembeni katika safu ya mbele, asiyejua kuunyoosha mgongo wake, au anayeshika jezi ya mpinzani mahali pasipofaa, au anayesukuma nusu ya sekunde kabla ya wenzake, ataangushwa na mtu mwepesi kuliko yeye; na ujuzi huo haupatikani darasani wala katika chumba cha vyuma, hupatikana kwa kusukumana mamia ya mara na watu mbalimbali, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja mjanja.

Sasa na tutazame sheria. Kwa vijana walio chini ya umri wa miaka 19, sheria za dunia zimeweka sharti la kuwahifadhi shingo na uti wa mgongo, kwamba hakuna upande ulioruhusiwa kuwasukuma wenzao katika skramu zaidi ya mita moja na nusu. Ni sharti la hekima, na anayelipinga hajawahi kumwona kijana aliyeumia shingo. Lakini katika mashindano ya dunia ya walio chini ya miaka 20 sharti hilo halimo. Skramu husukumwa kama ya wakubwa, mpaka mmoja ashinde au mwamuzi apulize. Kwa hiyo mvulana wa Kenya aliyemaliza kidato cha nne ana miaka 18, ambaye katika maisha yake yote ya shule hajapata kurudishwa nyuma zaidi ya mita moja na nusu, huitwa kambini, hupewa jezi, na baada ya muda si mrefu husimama mbele ya Muuruguay au Mskoti ambaye tayari amekwisha kucheza na watu wazima katika klabu yake, na hapo hujifunza mbele ya umma kile ambacho mwenzake alijifunza faraghani.

Matokeo yake yafuatwe hatua kwa hatua, kwa kuwa hapa ndipo jukwaa linapodanganyika. Skramu ya Kenya inarudi nyuma ikavunjika, mwamuzi anatoa penalti. Wapinzani hawahangaiki kuipiga golini. Wanaupiga mpira utoke nje karibu na pembe ya Kenya, na kwa kuwa mpira uliotolewa kwa penalti hurushwa ndani na wale wale walioutoa, wanaupata tena mita tano tu kutoka mstari wa goli. Mrefu wao anainuliwa hewani, anaudaka, wanamzunguka, wanasonga wote kwa pamoja kama mtu mmoja, na mpira unawekwa chini. Au pengine hawasongi hivyo: wanaupasia kwenda upande wa pili, ambako winga wa Kenya amesimama peke yake dhidi ya watu wawili, maana mwenzake aliyestahili kuwa ubavuni pake alivutwa ndani kuukabili msongamano, winga anamkaba wa kwanza, wa pili anapita, na watu elfu kumi wanamzomea winga. Kosa lake ni lipi? Laiti wangalirudisha macho yao nyuma kidogo tu, wangalikuta kwamba trai ile ilizaliwa mahali pengine, chini ya mabega ya mtu ambaye hata jina lake hawalijui.

Kwa sababu hiyo, shabiki anayetaka kuipima timu ya vijana iliyoshindwa, mimi ningemwomba aziache dakika 20 za mwisho, ambazo ndizo zinazojaza ubao, azitafakari dakika 20 za mwanzo, kabla miili haijachoka na kabla mioyo haijavunjika. Je, skramu ilisimama? Mpira waliourusha wenyewe kutoka pembeni waliupata au uliibwa? Walipofungwa, waliuanzisha mchezo kwa mkwaju mrefu uliowapa nafasi ya kupanga ulinzi, au waliupiga ovyo? Penalti walizotoa zilikuwa za kuzidiwa nguvu, ambazo hazina dawa ya siku moja, au za kutojua sheria na kukosa adabu, ambazo kocha anaweza kuziondoa kwa juma moja? Timu iliyozidiwa nguvu lakini ikairusha mipira yake vizuri kutoka pembeni, ikakaba kwa mabega na kupanga mstari wake baada ya kila pigo, imefanya kazi iliyo mikononi mwake hata kama imefungwa 50. Na timu iliyoshindwa kwa pointi tano tu dhidi ya wapinzani walioangusha mipira yao wenyewe mchana kutwa, haistahili sifa inayopewa.

Nimesema kwamba wa kwanza kuulizwa ni watu wazima, nami ni wajibu wangu kutoa ithibati. Kwa utaratibu wa michezo ya shule za sekondari za Kenya wa miaka hii ya karibuni, raga ya watu 15 huchezwa katika muhula wa kwanza, na raga ya watu saba katika muhula wa pili. Muhula mmoja! Shule inayotolewa mapema katika hatua za kaunti inakuwa imecheza michezo michache tu ya watu 15 kwa mwaka mzima. Na hata shule zilizo imara, kama ile ya Kakamega au ile ya Butula katika Busia, ambazo zimeizoea njia ya kwenda kwenye hatua ya kitaifa, huufunga mlango huo kabla mwaka haujafika nusu. Kijana anayecheza propu, ambaye hana nafasi kubwa katika mchezo wa watu saba kwa sababu ya mwili wake na mwendo wake, hukaa miezi tisa akiwatazama wenziwe. Ni huyo huyo ambaye baada ya miaka miwili tutamtaka aizuie skramu ya taifa lingine.

Linganisha na Japani, nchi ambayo watu wake hawasifiwi kwa vimo wala mapande ya miili, kwa hiyo hoja ya wale wapole wanaosema kwamba tatizo letu ni miili huanguka yenyewe mbele yao. Kila mwaka, wakati wa baridi, shule za sekondari kutoka majimbo yote ya Japani hukutana katika uwanja wa Hanazono, karibu na Osaka, kushindania ubingwa wa raga ya watu 15. Mashindano hayo yamepita mara ya 100, na fainali yake ni jambo la taifa zima. Kutoka hapo wavulana walio bora huingia vyuo vikuu vyenye timu zenye mila za vizazi, wakacheza miaka minne mingine pamoja na watu waliowazidi umri. Mwaka 2019 vijana wa Japani walitwaa kombe lile lile la daraja la pili huko Brazil, wakiishinda Ureno kwa 35 dhidi ya 34. Hawakushinda kwa urefu.

Au itazame Uruguay, nchi yenye watu wasiofika milioni nne, ambayo vijana wake walishinda kombe hilo lilipoanzishwa mwaka 2008. Raga ya huko imejengwa juu ya klabu za waliosoma pamoja, na mojawapo ni ile ya Old Christians ya Montevideo, ambayo ndege iliyowabeba wachezaji wake ilianguka katika milima ya Andes mwezi wa Oktoba 1972, wakaokoka watu 16 tu kati ya 45. Klabu hiyo ingali inacheza. Mvulana huingia humo akiwa mdogo, hukua akiwaona kaka na baba zake katika jezi ile ile, na anapofika umri wa miaka 19 amekwisha kupitia mikononi mwa makocha ambao nao walipitia mikononi mwa wengine. Apandaye mnazi hali leo nazi zake. Na mataifa yanayotushinda kwa vijana yanakula nazi za minazi iliyopandwa na watu ambao wengine wao wamekwisha kufariki dunia.

Nisije nikaeleweka kwamba Kenya haina chochote, hasha. Raga ilikuwako Afrika ya Mashariki kabla ya uhuru, na chama cha kuiunganisha katika nchi hizi kiliundwa mwaka 1953. Uwanja wake wa Barabara ya Ngong ungali ndio nyumbani kwa mchezo huu. Mwaka 2019, katika uwanja wa KCB huko Ruaraka, Chipu iliyofundishwa na Paul Odera iliishinda Namibia kwa 21 dhidi ya 18, ikapata nafasi ya kwenda Brazil baada ya kukosekana kwa miaka kumi katika mashindano hayo, maana mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2009, yalipochezwa Nairobi kwenyewe. Waliokuwako Ruaraka siku ile waliona jambo kubwa: Namibia ni taifa ambalo timu yake ya wakubwa ilicheza kila Kombe la Dunia kuanzia mwaka 1999 mpaka 2023, na vijana wa Kenya waliishinda. Huko Brazil wakaanza kwa kuwashinda wenyeji, kisha wakakutana na Uruguay na Japani, wakashindwa na wote wawili. Nyumbani watu wakasahau Ruaraka kwa juma moja.

Lakini kisa cha Namibia kina sehemu ya pili, nayo huwagusa wanaosherehekea kama inavyowagusa wanaolaani. Mwezi wa Julai 2022, huko Ufaransa, timu za wakubwa za nchi hizo mbili zilikutana katika fainali ya Afrika, nafasi ya kwenda Kombe la Dunia ikiwa mezani, na Namibia ikashinda kwa 36 dhidi ya 0. Vijana wa umri mmoja walioachana kwa pointi tatu mwaka 2019, Kenya ikiwa juu, waliingia katika nchi mbili ambazo zina njia mbili za kuwakuza. Mnamibia aliye mzuri huvuka mpaka akaenda Afrika Kusini, penye shule, vyuo na majimbo yanayocheza raga mwaka mzima. Mkenya hurudi katika ligi ya nyumbani, yenye klabu chache zenye uwezo kama Kabras na KCB na nyingi zinazohangaika na nauli ya basi. Ni kweli kwamba mwaka huo huo wa 2022 timu ya Simba ya Kenya ilipata nafasi ya kucheza katika daraja la chini la Currie Cup ya Afrika Kusini, na hilo lilikuwa jambo la busara sana. Bali kati ya miaka 20 na 24 ndipo propu na huka, yule anayesimama kati ya mapropu wawili, wanapokomaa, na miaka hiyo minne haijazwi kwa safari moja.

Kuna jambo jingine ambalo shabiki anayepima mchezo wa vijana hana ruhusa ya kulipuuza, nalo ni usalama wa vichwa. Timu inayozidiwa hukaba mara nyingi kuliko mwenziwe, na mtu aliyechoka hukaba vibaya: huingiza kichwa mbele ya goti au nyonga ya mkimbiaji badala ya kukiweka nyuma yake. Kanuni iliyowekwa na wasimamizi wa raga duniani kwa michezo isiyo na madaktari wa kutosha ni moja, kwamba mchezaji anayeshukiwa kutikiswa ubongo atolewe uwanjani na asirudi siku hiyo. Ubongo wa kijana hupona polepole kuliko wa mtu mzima, na pigo la pili kabla la kwanza halijapona laweza kumwua. Nimewasikia watu, tena watu wenye watoto wao, wakimzomea mvulana aliyetoka akiyumba na kumwita mwoga. Hapa sina neno la upole. Anayefanya hivyo haelewi raga wala hana haki ya kuketi mahali vijana wanapocheza, na waliokaa karibu naye wamnyamazishe.

Turudi kwenye hesabu ya pointi, kwa maana wako watakaosema kwamba yote haya ni udhuru, na kwamba mshindi hujulikana akiwa kijana. Mwezi wa Juni 2016, kandokando ya Manchester, vijana wa Uingereza waliwashinda vijana wa Ireland kwa 45 dhidi ya 21 katika fainali ya dunia ya daraja la kwanza. Ni kipigo kisicho na shaka. Katika kikosi hicho cha Ireland walikuwamo nahodha James Ryan, Andrew Porter na Jacob Stockdale. Tarehe 17 Machi 2018, chini ya miaka miwili baadaye, Ireland ya wakubwa ilikwenda Twickenham ikaishinda Uingereza kwa 24 dhidi ya 15 na kumaliza mashindano ya Mataifa Sita bila ya kushindwa hata mara moja. Stockdale alifunga siku hiyo, na trai zake saba katika msimu ule zilikuwa rekodi ya mashindano. Laiti nchi yao ingaliwapima kwa ubao wa Manchester, ingaliwapoteza.

Wala si Ireland tu. New Zealand, waliotwaa makombe manne ya kwanza ya vijana mfululizo kuanzia mwaka 2008, walimaliza nafasi ya tano mwaka ule ule wa 2016, jambo lililowashtua watu wao. Mwaka uliofuata, mjini Tbilisi katika Georgia, waliwafunga Waingereza, mabingwa wenyewe, 64 kwa 17. Na Waingereza waliofungwa 64 hawakutupwa. Ben Earl, aliyekuwa katika kundi la vijana wale, amekuwa nguzo ya timu yao ya wakubwa. Na Tom Curry, rika lao, hakuwako Tbilisi kwa sababu mwezi huo huo alikuwa Argentina akianza kuichezea timu ya wakubwa. Katika nchi zenye mpango, timu ya vijana ni kituo cha njiani, na wasimamizi wake huulizwa ni wachezaji wangapi wamepanda ngazi, kabla ya kuulizwa ni vikombe vingapi vimewekwa kabatini.

Swali hilo ndilo ningependa lisikike Nairobi badala ya zomeazomea. Katika wale waliokwenda Brazil mwaka 2019, waliocheza Nyayo mwaka 2023, waliokwenda Edinburgh mwaka 2024, ni mapropu wangapi wangali wanacheza, na wanacheza wapi, na nani anawafundisha? Waliojeruhiwa walitibiwa kwa fedha za nani? Kwa nini muhula wa pili na wa tatu usiwe na ligi ndogo ya watu 15 kwa shule chache tu za kila eneo, hata kama ni kwa siku za Jumamosi, ili mvulana mnene aliyekosa nafasi katika timu ya watu saba asikae bure? Klabu kubwa zingeweza kuwapokea vijana wa miaka 18 na 19 wasukumane na wakubwa mazoezini, chini ya jicho la mwalimu wa skramu, bila ya kuwaingiza katika ligi kabla ya wakati. Haya hayahitaji utajiri wa Japani. Yanahitaji watu wazima wakae mezani, na mashabiki wakiwa na ghadhabu yao waielekeze kwenye meza hiyo, kwa barua, kwa mikutano ya klabu, kwa kura za wanachama wanapochaguliwa viongozi.

Na mwenye kutaka kujua Chipu ya miaka miwili ijayo itakuwaje, asisubiri mashindano ya dunia. Mwezi wa Februari, michezo ya shule inapoanza, aende katika uwanja wowote wa kaunti, asimame karibu na mahali skramu inapofungwa, si pembeni anakokimbia winga, na awatazame wale sita wa safu za mbele: nani ananyoosha mgongo, nani anasimama imara akisukumwa, nani anawapanga wenzake kwa sauti. Kiingilio aghalabu ni bure, na nafasi ya kusimama haikosekani.